Uzi wa mimea yenye mizizi kwenye tangi la samaki: ipande kwa kina chake, halafu iache ishike

Changarawe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna picha inarudi humu mara kwa mara: tangi jipya, mimea imepangwa ikapendeza, siku chache baadaye majani yamelegea, yanateleza, mengine yanaelea. Swali nalo ni lilelile: ning'oe nipande mingine? Nimeona nifungue uzi mmoja tuelekezane hapa kwa utaratibu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mwenye hoja tofauti aje nayo. Mimea mingi ya mizizi ikifa kwenye matangi ya nyumbani, chanzo kiko chini ya changarawe. Ama imefukiwa kupita kiasi, ama imepandwa juujuu ikawa inafumuka kila ikiguswa, ama imehamishwahamishwa kabla haijashika. Mwanga na gesi (hewa ukaa iliyomo kwenye maji) vina umuhimu, nitavigusa, lakini mzizi uliotulia huurudisha mmea hata majani yote yakiwa yameondoka.

Kwanza tujue upi wa kufukiwa na upi si wa kufukiwa. Anubias, kangaga la Java na Bucephalandra ina mizizi, tena mirefu, lakini mizizi hiyo hutoka kwenye shina nene linalotambaa kwa ulalo. Shina hilo likifunikwa na changarawe linaoza, na likioza mmea umekwisha. Mimea hiyo ifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi, mizizi itang'ang'ania yenyewe. Ukitaka ikae chini kabisa, ingiza mizizi peke yake, shina libaki juu unaliona lote.

Ya kufukiwa kweli iko ya namna tatu. Kuna inayotoa majani yote sehemu moja: Cryptocoryne, Vallisneria, Sagittaria, na Echinodorus ambao wengi wanauita upanga wa Amazon. Kuna ya mashina marefu yenye pingili: Ludwigia, Rotala, Bacopa, Hygrophila. Halafu kuna ya tunguu na viazi: Aponogeton, Crinum, yungiyungi.

Kitanda chake. Mimi napenda changarawe ya punje za milimita 1 hadi 3. Mzizi unapenya, maji yanapita taratibu, na mmea haufumuki ovyo. Punje zikiwa kubwa sana mmea mchanga haupati pa kushika, na uchafu wa samaki unazama katikati. Mchanga laini unafaa ila hujibana, kwa hiyo usiujaze sana. Kimo nakiweka sentimita 5 mbele na 7 au 8 nyuma, ambako mimea mikubwa inakaa. Changarawe usiyoijua asili yake ipime kwanza: chukua punje chache kavu, zidondoshee siki. Zikitoa povu zina chokaa, na zitapandisha ugumu wa maji na pH (kipimo cha uasidi) siku hadi siku. Mimea inayopenda maji laini itadumaa.

Maandalizi ya mmea ndipo wengi wanaporuka. Ukiwa umekuja kwenye kikopo chenye ile sufi ngumu ya mawe, sufi yote itoke. Ikate pembeni kwa mkasi, ifumue ndani ya bakuli la maji, vipande vilivyonasa katikati ya mizizi uvitoe kwa kibano kimoja kimoja. Inataka subira. Ukiiacha, inabana mizizi na kubaki na mbolea ya kitaluni, na baadaye inaibuka vipandevipande. Mizizi ya kahawia iliyolainika ikate yote. Ile myeupe iliyo hai ipunguze ibaki kama sentimita 3 hadi 5. Mzizi mrefu mno hujikunja unaposhindiliwa ukarudi juu au ukavunjika, ila uliokatwa vizuri hutoa vijizizi vipya mapema. Majani yaliyoharibika nayo yakate, chini kabisa.

Sasa upandaji. Hapa sitafupisha, maana ndipo penye kazi.

Ukichukua mche wa Cryptocoryne ukautazama kwa karibu, utaona mahali pembamba ambapo kijani kinaisha na weupe wa mizizi unaanza. Hapo napaita shingo. Katikati ya shingo jani changa limejiviringisha, limechongoka mithili ya ncha ya penseli. Shingo ikifukiwa, jani lile linaozea humohumo kabla hujaliona. Basi shika mizizi kwa ncha za kibano kirefu, usishike shingo. Mizizi ifuate urefu wa kibano, isiachwe ikitawanyika pembeni. Ingiza kwa mshazari, shuka chini kuliko kina unachokitaka. Legeza kibano kidogo sana, kitikise kushoto na kulia, kitoe kwa njia ileile kilikoingilia. Changarawe itajifunga nyuma yake. Kisha shika majani kwa vidole viwili, vuta mmea juu kidogo mpaka shingo itokeze usawa wa changarawe. Kuvuta huko ndiko kunakonyoosha mizizi ielekee chini. Ukiacha hatua hiyo, mizizi inabaki imekunjamana na shingo imezama.

Mimea ya mashina haina shingo. Toa majani ya pingili mbili au tatu za chini, kwa sababu mizizi hutokea kwenye pingili, na jani likifukiwa linaoza. Panda shina moja moja, nafasi ya sentimita 2 hivi, mwanga ufike mpaka chini. Ukichomeka fungu zima kama lilivyokuja, mashina ya katikati yataoza. Tunguu liache nusu yake ya juu nje, ncha ya chipukizi ikitazama juu.

Haya yote yafanye maji yakiwa machache, yamepita changarawe kwa unene wa kidole kimoja au viwili. Majani yanyunyizie maji yasikauke. Ukimaliza, laza sahani au mfuko wa plastiki juu ya changarawe na umimine maji juu yake polepole, usije ukachimbua ulichopanda.

Karibuni.

Tondoo

Naweka kambi hapa. Kule kuvuta juu baada ya kupanda sijawahi kuelezwa na mtu yeyote. Mkuu, endelea kushusha.

Bi_Kisima

Asante sana kaka kwa uzi. Cryptocoryne zangu zimeyeyuka zote, halijabaki hata jani. Zilikuja nzuri, kijani kibichi, majani yamesimama. Maji nimeyapima: amonia na nitriti, zile sumu za uchafu wa samaki, zote sifuri, joto nyuzi 25. Nyumbani wananiambia nitoe niweke za plastiki. Bado kuna kitu pale chini au ndiyo basi?

Changarawe (mleta uzi)

Dada Bi Kisima, usitoe. Ingiza kidole palipokuwa na mmea, papasa. Ukikuta kishina kigumu kilichoshikwa na mizizi, mmea uko hai. Ukikuta pamelainika panabonyea, huo mmoja umekufa, utoe peke yake.

Na hujakosea chochote kwenye maji. Vitalu vingi huikuza mimea hii nje ya maji, mizizi imelowa na majani yako hewani kwenye unyevunyevu. Hewani inakua haraka na mwani hauisumbui. Sasa jani la hewani lina ngozi yenye nta ya kulizuia lisikauke, na lina matundu ya kupumulia. Likizamishwa, nta hiyo inageuka kizuizi. Hewa ukaa husambaa ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani, kwa hiyo mmea uliozama unahitaji jani jembamba, lenye nta kidogo sana, linalofyonza gesi kwa uso wake wote. Jani lililokwisha kukomaa haligeuzwi kuwa hivyo. Mmea unalivunja, unachukua unachoweza kukitumia tena, unajenga jipya. Ndiyo maana tawi la Rotala la hewani na la majini ukiyaweka pamoja, mtu asiyejua atadhani ni mimea miwili tofauti.

Cryptocoryne ina tabia ya ziada. Hata iliyokulia majini maisha yake yote inaweza kumwaga majani kwa kuhamishwa tu, au kubadilishiwa mwanga, au kuingizwa kwenye maji ya ugumu mwingine. Akiba yake iko kwenye kile kishina kifupi na mizizi. Kazi yako sasa ni kutoa majani yanayooza yasichafue maji, kubadilisha maji mara nyingi kuliko kawaida kwa kipindi hiki, na kutogusa mizizi. Jani jipya kwa kawaida linatokea baada ya wiki 2 hadi 4, mingine hukawia zaidi. Litakuwa dogo, pengine la rangi tofauti na yale ya mwanzo. Hilo ndilo jani la majini.

Kosa kubwa linalofanyika hapa ni kuung'oa kila siku mbili kuangalia kama una mizizi. Kila ukiung'oa unakata vijizizi vilivyokuwa vimeanza kushika, na mmea unaanza upya na akiba pungufu.

Yungiyungi

Naunga mkono, na kwa wanaopenda historia niongeze hili. Mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza mwaka 1850 jaribio alilolifanya London: samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo pamoja na Vallisneria spiralis iliyopandwa chini. Mmea ukawapa samaki oksijeni, lakini majani yake ya zamani yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaingiza konokono wa majini, wakala yaliyooza, maji yakatakata na mmea ukaendelea. Jaribio hilo linatajwa sana kama chimbuko la matangi ya nyumbani tunayoyajua leo. Mmea wa mizizi ulikuwemo tangu siku hizo, na majani ya kuoza yalikuwemo vilevile.

mzizi_mkuu

Mleta uzi, uzi mzuri lakini kwenye kitanda natofautiana nawe. Changarawe tupu haina chakula. Cryptocoryne na Echinodorus ni walaji wa mizizi, unawapandaje kwenye mawe matupu kisha uwaambie watulie? Mimi natumia udongo wa kawaida usio na mbolea wala samadi, nimeuchekecha ukabaki laini, unene wa sentimita 2 na nusu, halafu juu nafunika na changarawe ndogo ya unene huohuo au zaidi kidogo. Udongo unaoza taratibu na kutoa hewa ukaa, mmea unapata gesi na madini kwa pamoja bila mtungi. Tangu nimehamia huko vidonge vya mbolea sivijui. Sharti lake ni kupanda mimea mingi tangu siku ya kwanza, ifyonze amonia inayotoka mwanzoni.

Changarawe (mleta uzi)

mzizi_mkuu, hoja yako ni ya kweli na matangi ya udongo nimeyaona yakistawi. Wasiwasi wangu ni kwa anayeanza. Anayeanza hupanda, hupangua, hubadilisha mpangilio. Kila aking'oa mmea, tope linapanda juu na amonia inatoka nalo. Udongo unamfaa anayejua kila mmea utakaa wapi na hautahama.

Tahadhari ya namna hiyo iko hata kwenye ule udongo wa punje unaotengenezwa maalumu kwa matangi. Aina nyingi hutoa amonia wiki za mwanzo. Mimea haijali, inaila. Samaki ndio wanaokufa. Wasiingizwe mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri.

Kwa changarawe tupu, vidonge vya mbolea vinatosha. Kishike kidonge kwa kibano, kisukume mpaka karibu na kioo cha chini, sentimita chache kutoka kwenye shingo ya mmea. Kati ya kidonge na kidonge acha sentimita 10 hadi 15, na urudishie kila baada ya miezi 2 au 3 kulingana na aina. Kikibaki juujuu kitayeyukia kwenye maji na mwani ndio utakaokula. Mimea ya mashina hunufaika zaidi na mbolea ya maji, maana majani yake yanafyonza moja kwa moja.

mzizi_mkuu

Hapo kwa anayeanza nimekuelewa. Ila Echinodorus asikose vidonge hata mwezi wa kwanza. Ule mmea ukikua mizizi yake inatanda chini ya tangi zima, na huonyesha njaa mapema kuliko wengine.

Changarawe (mleta uzi)

Kabisa, kwa Echinodorus nakubaliana nawe bila masharti.

Tondoo

Mkuu ulisema utagusa mwanga na gesi. Na ile kaboni ya chupa, dawa ya maji inayouzwa badala ya gesi, inafaa?

Changarawe (mleta uzi)

Kwa ufupi. Mwanga anza na saa 6 kwa siku, uwashwe na kuzimwa na swichi ya saa, usitegemee kukumbuka. Mimea ikishaanza kutoa majani ya majini ongeza hadi saa 8 kwa siku. Mmea ambao mizizi yake haijashika hautumii mwanga mwingi, na mwanga usiotumika ni chakula cha mwani.

Gesi ya mtungi si lazima kwa Cryptocoryne, Vallisneria, Sagittaria wala Hygrophila. Mwenye kutaka zulia la Hemianthus au rangi nyekundu kali za Rotala ndiye ajipange nayo. Lengo la kawaida ni miligramu 30 hivi kwa lita, na izimwe usiku. Ikizidi samaki wanapanda juu kuhema, na wanaweza kufa wote.

Kaboni ya chupa ambayo kiungo chake ni glutaraldehaidi, kuwa mwangalifu nayo. Vallisneria inaichukia, majani yanalainika na kukatika kuanzia chini. Soma lebo kabla ya kumimina.

Bi_Kisima

Kaka! Nina Vallisneria upande wa nyuma nayo inakatika hivyohivyo, na chupa hiyo ninayo. Naacha leo. Na nimepapasa kama ulivyosema, vishina vitatu ni vigumu kabisa, kimoja kimelainika nimekitoa. Vile vitatu vina mizizi myeupe, imeshika kiasi kwamba changarawe inainuka nayo.

Changarawe (mleta uzi)

Hapo usiguse tena dada yangu. Changarawe kuinuka na mizizi ni dalili njema kuliko jani lolote. Vallisneria kata majani yaliyokufa usawa wa chini, badilisha maji ya kutosha, itarudi kutoka shingoni.

Samaki_wa_Ziwa

Na sisi wenye samaki wachimbaji? Nafuga sikilidi, kila asubuhi mimea iko juu inaelea. Nimeshaona mimea si ya kwetu.

Yungiyungi

Mkuu, ni ya kwenu pia. Vallisneria inaota yenyewe Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi, pamoja na sikilidi hao hao. Tatizo ni mmea mchanga kukutana na samaki mkubwa kabla haujashika. Ukiweza, wapishanishe: panda, acha mimea wiki kadhaa peke yake, ndipo samaki waingie. Wakishakuwemo tayari, zungushia kila mche mawe laini ya ukubwa wa ngumi, yawe yamegusana, ili wasipate pa kuanzia kuchimba. Au panda kwenye chungu kidogo cha udongo wa kuchoma, jaza mawe juu, kizike chungu chote kwenye mchanga. Mizizi itatokea kwenye tundu la chini baadaye.

Samaki wa dhahabu na mbuna (sikilidi wa miambani wa Ziwa Malawi) ni suala jingine, hao wanakula majani yenyewe. Kwao Anubias iliyofungwa kwenye jiwe ina nafasi nzuri kuliko mmea wowote wa kufukiwa. Majani yake ni magumu.

Kamba_Mwekundu

Nimefuatilia uzi kimya kimya, ila mbona hakuna aliyetaja dawa za wadudu? Mimea ya vitaluni huweza kuja na dawa majanini. Samaki wanapona, kamba wanalala chali. Mwenye kamba aloweke mimea mipya kwenye ndoo, abadilishe maji kila siku kwa wiki nzima au zaidi, ndipo apande. Na mbolea aangalie kiasi cha shaba, kamba hawaistahimili ikizidi.

Mayai ya konokono yako chini ya majani, ute mdogo unaong'aa wenye vidoa. Uparuze kwa ukucha utoke. Wengine huchovya mimea kwenye dawa ya klorini iliyozimuliwa. Mimea migumu huvumilia ikichovywa muda mfupi na kusuuzwa vizuri, lakini Vallisneria usiichovye, itayeyuka yote. Asiyetaka taabu hiyo achukue mimea iliyozalishwa maabara, ile inayokuja kwenye kikopo kilichofungwa chenye chakula kama jeli. Haina konokono wala dawa. Jeli yote isuuzwe itoke kabla ya kupanda.

Changarawe (mleta uzi)

Shukrani Kamba_Mwekundu, hilo lilistahili kuwa kwenye bandiko la kwanza.

Tondoo

Wakuu, Echinodorus wangu ameshika, anatoa majani mapya vizuri, lakini yanatoka ya njano na mishipa imebaki ya kijani. Majani ya zamani hayana tatizo. Niongeze mwanga?

mzizi_mkuu

Usiongeze mwanga. Angalia jani gani linaumwa kwanza, la zamani au jipya. Naitrojeni, potasiamu na magnesi mmea unaweza kuvitoa kwenye jani la zamani ukavipeleka kwenye jipya, kwa hiyo vikipungua, majani ya chini ndiyo yanayoumia. Naitrojeni ikipungua jani zima la zamani linakuwa njano. Potasiamu ikipungua yanatokea matundu madogo kama yamechomwa sindano, pembeni pana unjano. Chuma hakihamishiki hivyo. Kikikosekana, jani jipya ndilo linalozaliwa limepauka, mishipa ya kijani. Hali yako ni hiyo. Weka kidonge chenye chuma karibu na mizizi na utazame jani litakalofuata. Haya yaliyokwisha kupauka usitegemee yarudi sawasawa.

Samaki_wa_Ziwa

Nami nina swali la chini. Mchanga wangu kwenye kioo unaonekana una mabaka meusi, na nikichomeka kijiti yanatoka mapovu yenye harufu ya yai bovu. Mimea itaungua mizizi?

Changarawe (mleta uzi)

Hapo oksijeni imekwisha ndani ya mchanga na bakteria wanatengeneza hidrojeni salfaidi. Hutokea mchanga ukiwa laini, mnene na hauna mizizi ya kutosha. Mimea ya majini ina njia za hewa ndani ya mwili wake zinazoshusha oksijeni mpaka mizizini, na sehemu yake huvuja kwenye mchanga unaouzunguka mzizi. Ndiyo sababu chini ya Vallisneria iliyoshamiri mara nyingi hukuti weusi huo, na chini ya sehemu tupu unaukuta.

Usivuruge mchanga wote siku moja samaki wakiwa ndani. Nenda kipande kidogo kidogo, kila unapobadilisha maji. Punguza kimo cha mchanga sehemu zisizo na mimea, na zilizobaki zipande. Konokono wa Melanoides, wale wembamba wenye gamba refu lililochongoka, wanaishi ndani ya mchanga mchana kutwa wakiupitapita, nao wanasaidia, ila wakilishwa sana wanazaana kupita kiasi.

Na kwa usafi wa kawaida: karibu na mimea usichomeke bomba la kunyonyea uchafu ndani ya changarawe. Lipitishe juu juu, linyonye kilicholala. Kinachozama kwenye mizizi kiache, ni chakula chao.

Bi_Kisima

Narudi na habari. Kishina kimoja kimetoa jani! Dogo, la kahawia kidogo, limejikunja. Nimeliona jana taa ilipowaka.

Vallisneria nayo imeacha kukatika, na imetoa kamba ndefu juu ya mchanga yenye kitoto mwishoni. Nikikate nikipande kwingine?

Yungiyungi

Hongera dada! Kahawia ni sawa kwa Cryptocoryne nyingi.

Kitoto kiache kwanza, kinalishwa na mama kupitia kamba hiyo. Kikifikisha majani manne au matano na mizizi yake imeingia mchangani, kata kamba katikati. Ukitaka kisogee mahali unapopataka bila kukikata, elekeza kamba kwa kuigandamiza na kijiwe. Cryptocoryne nayo itafanya hivyo baadaye, ila kwa kupitia chini ya mchanga, utashtukia mche mpya umetokea kando. Echinodorus hutoa vitoto kwenye bua refu la maua.

Mimea ikishaongezeka, ya ziada mgawie mwingine au ikaushe juani mpaka ife kabisa ndipo uitupe. Isitupwe mtoni, ziwani wala mtaroni. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini likasambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, na linakoingia linafunika maji. Hygrophila polysperma na Hydrilla zimefanya uharibifu kama huo huko zilikopelekwa kama mimea ya matangi.

Tondoo

La mwisho kwangu wakuu. Chuma nimeweka, jani jipya limetoka kijani. Sasa Echinodorus amekuwa mkubwa, anaziba kila kitu kilicho nyuma, na lazima ahamie kona. Mizizi imeshatanda. Nimng'oeje bila kupindua tangi?

mzizi_mkuu

Usimvute. Ukimvuta anapanda na changarawe yote na uchafu wa chini. Siku ya kubadilisha maji, chukua mkasi mrefu au kisu chembamba, ukate kwenye changarawe kumzunguka, umbali wa sentimita 5 au 6 kutoka shingoni, ufike mpaka kioo cha chini. Mizizi ya nje ya duara hilo iache ndani, itaoza taratibu kwa kiasi ambacho filta inaweza kukihimili. Shika shingo karibu kabisa na changarawe, mwinue polepole huku ukimtikisa, na mkono mwingine ushike bomba la kunyonyea karibu na mizizi linyonye tope linalotoka. Akishatoka punguza majani makubwa ya nje, theluthi moja hivi, kwa sababu mizizi iliyobaki haitoshi kuyalisha yote. Kule kona weka kidonge kwanza, kisha mpande kwa mkono, mmea wa ukubwa huo kibano hakiuwezi. Shingo ibaki juu. Pima amonia kesho yake na keshokutwa, na kama imepanda badilisha maji tena.

Tondoo

Nimeelewa mkuu. Nafanya Jumamosi, nitaleta picha.